Ukurasa Mmoja Mbele

Usiku, Milembe akishalala,
nawasha taa ya sola, nafungua Hisabati, darasa la tano,
nasoma kama mwizi anayekariri mlango.
Sehemu. Desimali. Mzingo wa duara.
Mimi niliishia la saba, na la saba yenyewe
nusu nzima niliimalizia ziwani.
Kesho saa mbili asubuhi lazima niwe mbele yake,
hata kwa ukurasa mmoja.

Hatukumtoa shule kwa jeuri.
Ni selimundu. Ni mifupa yake inayoijua mvua
kabla wingu halijavuka kisiwa cha Saanane.
Ni siku kumi na nne wodini Bugando,
kisha kurudi darasani akute wenzake wako vita vya Majimaji
naye aliwaacha zama za mawe.
Na mwalimu, mwenye watoto mia na tatu,
angemngoja na nini?

Mratibu wa elimu wa kata alipopanda huku kwetu Igogo,
akihema, akishika jiwe hili na lile,
aliuliza: "Nani anafundisha?"
Nyanzobe akanyamaza. Nikasema: "Sisi."
Akatutazama kama mtu aliyepimiwa nyama akapewa mifupa mitupu.
Akaandika. Sijui aliandika nini.
Mlangoni akageuka: "Mtoto si shamba,
ukiharibu msimu huu useme utapanda mwakani."

Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa ningu.

Basi tumejifunza.
Kwamba "sijui" ni jibu, mradi usilale nalo.
Kwamba mgonjwa naye hukosea, na kosa lake ni kosa:
Nyanzobe alimpa tiki za huruma wiki nzima
mpaka mtoto mwenyewe akasema, "Mama,
saba mara nane haijawahi kuwa hamsini na nne."
Kwamba lazima Lugembe wa jirani aje jioni,
wanyang'anyane mpira wa soksi, wanuniane,
maana ugomvi nao ni somo
na sisi wawili hatuna mtaala wake.

Wiki iliyopita tukafika Vipimo.
Nikajitutumua: hapa sasa ndipo kwangu!
Mimi ni mpimaji wa dagaa, Kirumba mwaloni, mwaka wa kumi na moja.
Nikampeleka. Sweta, soksi nzito, chupa ya maji, daftari.
Akabeba na paketi ya sukari, kilo moja,
"ya kuhakikishia," alisema,
kwa kuwa kitabu kimesema kipimo hupimwa kwa kipimo.
Akaiweka juu ya mzani wangu.

Gramu mia tisa.

Nyuma yetu kina mama wa Ukerewe wamesimama na magunia,
mmoja anajipepea kwa upindo wa kanga.
Milembe akaondoa, akarudisha. Mia tisa.
Akaandika tarehe, uzito, tofauti.
Hakupaza sauti. Aliniuliza tu:
"Baba, ni sukari iliyopungua?"

Ile waya naijua. Tajiri aliifunga kwa mkono wake
nami nimeila, ugali kwa ugali, miaka kumi na moja.

Nani angeniambia
kwamba ukimsomeshea mwanao nyumbani
ubao ni wewe,
na ulichodhani umekifuta
kinasomeka bado, jua likipiga upande?

Leo kitabu kimefunguka kwenye mazoezi.
Swali la nne: Mama ana magunia sita ya dagaa...
Sikwenda kuchungulia majibu kurasa za nyuma.
Koleo nimelitia mfukoni mwa koti.
Kodi inadaiwa, kliniki ni Jumanne,
na tajiri si mtu wa kucheka.

Milembe anajigeuza, anagumia, goti tena.
Nainuka kumkanda kwa maji ya vuguvugu.
"Baba," anasema, macho kayafumba, "kesho tunaanzia wapi?"

"Palepale," namwambia. "Kwenye gramu mia."