Kipimo cha Ulimi

Nilifika Jomvu Kuu saa mbili asubuhi, na jembe la kuazima,
chupa tatu zilizowahi kuwa na maji ya ukwaju,
rula ya mwanangu,
na daftari ambalo ukurasa wake wa kwanza
bado una deni la dukani.

Bi Nyevu Mwakombe akanionyesha kiwanja chake.
Bei ya jiwe, asema, imepanda ngazi
kisha ikaivuta ngazi juu.
"Basi niambie: ardhi yangu hii iliyolala,
yaweza kusimama?"

Shimo la kwanza, kando ya choo cha zamani.
Futi moja ya juu niliitupa: mizizi, vifuniko vya soda,
kandambili ya mguu wa kushoto.
Udongo wenye uhai ni wa mihogo.
Ukuta hautaki ndani yake kitu kinachoendelea kufa.
Chini ukaja mweusi, mzito, wenye kung'ang'ania jembe
kama mdai siku ya mshahara.
Niliufinya utepe kati ya gumba na kidole cha shahada:
ukarefuka, ukarefuka, inchi nne bila kukatika.
Mtoto wa jirani akapiga makofi.
Mimi sikupiga.
Udongo unaokubali kila neno ukiwa maji
hulikana ukikauka.
Tazameni ukuta wa kwao huyo mtoto:
ufa wa kupitisha kisu, na mpini wake.

Shimo la pili, upande wa hori.
Mchanga wa kijivu. Niliubana ngumini,
nilipofungua
ulishaondoka, kama mgeni asiyependa kuagwa.

La tatu tulichimba palipoanguka nyumba ya baba mkwe wake,
mvua za mwaka ule.
Mwekundu. Utepe wake ulikatika inchi moja na nusu.
Tonge niliiachia kutoka begani:
haikuwa vumbi, haikuwa chapati,
ilipasuka vipande vinne, vya kuhesabika.
Nikautia chupani, maji, chumvi kidogo, nikatikisa.
Mchanga ulitua kabla sijamaliza kuhesabu sitini.
Tope laini lilichukua muda wa kikombe cha chai.
Mfinyanzi ulielea mpaka saa kumi,
maji yakiwa na rangi ya jicho lililolia.

Katikati ya kungoja, lori la kifusi likasimama njiani.
Dereva akautaka wote ule mwekundu, pesa taslimu.
"Huo," akajibu Bi Nyevu bila kuacha kuchambua mchele,
"haujamaliza kazi."

Rula: saba kwa kumi mchanga. Vizuri mno.
Nikasema, imebaki chumvi. Hori liko karibu,
na chumvi hula ukuta kutoka ndani, kimyakimya.
Lazima sampuli iende maabara mjini, wiki mbili, na ada yake.

Akacheka mpaka ungo ukamwaga.
"Mimba ya Kadzo niliila nyumba hii.
Nyuma ya mlango, kila jioni, kwa ukucha.
Mzee akaliona tundu, akasema mchwa,
akalimwagia mafuta ya taa!
Nikahamia ukuta wa jikoni.
Chumvi hauna, mwanangu. Ule wa horini nilionja siku moja tu,
nikautema."

Nikachukua punje, nikaiweka ulimini.
Mvua ya kwanza. Chuma. Moshi wa zamani kidogo.
Chumvi, la.

Daftarini niliandika: Shimo namba tatu. Unafaa.
Saruji sehemu moja kwa kumi na mbili.
Msingi wa mawe, upande wa mvua upake chokaa,
maana haukuanguka kwa ubaya wa udongo,
ulianguka kwa paa lililovuja miaka sita
na mwenye ngazi yuko Dubai.

Penye safu ya chumvi, kalamu ikasita.
Sampuli nimeifunga, maabara itakwenda; ndiyo sheria.
Lakini safu haikubaki wazi:
Hakuna. Amepima mwenye nyumba,
miezi mitatu, mwaka aliozaliwa Kadzo.