Chumba cha Uani, Barabara ya Nane

Mlango wa mbele ni wa fundi baiskeli.
Ukimpita Shemboko na spoku zake,
ukainama chini ya kamba ya nguo,
utanikuta: futi kumi kwa tisa,
zamani stoo ya chakula cha kuku.
Mvua ikinyesha, pumba hufufuka ukutani
na mabibi harusi huuliza, "Harufu ya nini hii?"
Nasema ni udi mpya. Umetoka mbali.

Meza yangu ni mlango uliokosa nyumba.
Kitasa bado kipo, ndipo pa kutundika mkasi.
Juu yake gundi, lulu za plastiki za kupima kwa kilo,
utepe wa satini rangi ya mtindi,
daftari la wadaiwa, nene kuliko msahafu wa jirani,
na chupa za jamu nilizoomba hotelini,
nikazichemsha mpaka picha za stroberi zikaachia.
Cherehani ni ya mama wa kambo, hairudi nyuma.
Ukikosea unakata uzi,
unaanza upya.

Siku hizi wanataka katani.
"Iwe ya asili," wanasema, wakininyooshea simu.
Nami naizungusha kamba ya mkonge chupani,
mara saba, fundo, ua kavu, basi:
elfu nne moja, na hakuna kupunguza.

Baba alikata mkonge miaka ishirini na miwili,
akihesabiwa matita.
Alirudi na miiba imevunjikia viganjani,
mama akaichokoa kwa sindano ya kushonea
karibu na kibatari.
Hakuna aliyeiita asili.
Kamba ikinichoma kidogo
nasema, shikamoo baba,
kisha naongeza mia tano kwenye bei.

Mfungo Sita walikuja Mwantumu na mchumba wake.
Kadi mia moja themanini, majina kwa dhahabu:
Mwantumu na Abdulwakili.
Ile "na" aliitaka kubwa,
iwe na mkia huku na mkia huku,
imshike kila mmoja mkono.
Nilikesha siku tatu kwa ajili ya "na".

Kisha simu, sauti ya shangazi: harusi haipo.
Nusu ya pesa nilikwisha ila.
Nusu ya pili tukamwachia Mungu.

Kadi haigeuki tena karatasi,
ila mgongo wake ni mweupe.
Nikaandika humo viuno, mabega, urefu wa shela,
bei ya lulu, deni la umeme,
dawa ya mtoto, kijiko kimoja kutwa mara tatu.
Kila bibi harusi wa mwaka ule
alipimwa mgongoni mwa Mwantumu
asijue.

Akaja mwenyewe, Jumanne, LUKU imekwisha,
kufuata shela lake apate kuliuza.
Akaokota kadi mezani, akasoma:
"Kifua thelathini na nane. Mikono mirefu. Hataki kubanwa."
Akageuza.

Huko nje Shemboko alikuwa akijaribu kengele ya mtu,
kring, kring,
kring, kama mgeni asiyefunguliwa.
Nilitafuta neno la kumwambia.
Nilipata kigoda. Nikamsogezea.

Alikaa. Akaitazama ile "na" kitambo,
akatungua mkasi kitasani bila kuomba,
akaikata, "na" peke yake,
taratibu, akifuata mkia hadi ncha,
akaibandika kwenye chupa ya jamu
juu ya kamba ya baba.

"Hii utauza kiasi gani?"
Sikujua.
"Elfu sita," akasema, akipuliza gundi ikauke.
"Kadi zimebaki ngapi?"

Tukazihesabu katika kiza kile,
kwa vidole, yeye upande wake, mimi upande wangu,
mara mbili, maana mara ya kwanza alicheka tukapotea.
Mia moja arobaini na moja.