Uzito wa Gari Tupu

Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya kioo hiki,
kwenye ghala la nafaka, kusini mwa Saskatchewan.
Lori likipanda mizani nasoma namba,
likishamwaga ngano nasoma tena,
natoa ya pili katika ya kwanza.
Kinachobaki ndicho anacholipwa mkulima.
Kazi yenyewe ni kutoa tu. Hesabu ya darasa la pili.

Mwezi wa kumi na moja ghala linafungwa.
Barua imekuja na nembo mpya,
na neno "mpito" limo mara nne.
Tekla ndiye aliyehesabu, kijiko mdomoni.

Sasa kuna fomu kwenye mlango wa friji:
shule ya udereva wa malori makubwa, Regina,
wiki sita, dola elfu kumi na moja,
mwisho Ijumaa.
Marlys ameibana kwa sumaku yenye umbo la bata.
Hasemi niende. Hasemi nisiende.
Kila akichukua maziwa anainyoosha tu, isikae upande.

Nina miaka hamsini na mbili.
Goti langu la kulia hutabiri theluji kuliko redio,
na ndilo goti la breki.
Hilo nimeliandika kushoto mwa karatasi.
Kulia nikaandika: barabara.
Nikafuta. Barabara si sababu.
Nikaandika: bima ya meno.

Nilimuuliza Gurnek Dhaliwal,
apelekaye dengu bandarini Vancouver,
ambaye kwa miaka saba nilimjua kwa mkono tu,
bangili ya chuma ikigonga dirisha langu.
Alizima injini, jambo asilolifanya.
"Kuendesha, Orest, hata mtoto atajifunza.
Wanakulipa kwa kilomita. Haya niambie:
milima imefungwa kwa theluji,
umekaa saa kumi na nne palepale,
hizo ni kilomita ngapi?"
Nikasema sifuri.
"Basi sifuri hiyo ndiyo kazi. Ukiiweza, njoo."

Akanionyesha kitanda nyuma ya kiti:
blanketi la maua, jiko dogo la chai,
na viatu vya mwanawe, vilivyosahauliwa tangu Agosti.
Vimeshamwia vidogo, alisema,
ila namba anayovaa sasa siijui.

Mchagua jembe si mkulima, najua.
Lakini jembe hili lina magurudumu kumi na nane
na halilali nyumbani.

Tekla ana miaka kumi na sita.
Usiku, dari ikinitazama, nimepiga hesabu:
milo ya jioni iliyobaki kabla hajaondoka
ni kama mia sita.
Nikishika usukani nitaila labda mia moja,
na mingine nitaisikia kwenye simu,
vijiko vikigonga sahani,
mtu akiuliza chumvi iko wapi.
Nisipoushika, nitaila yote,
nikiwa nimekaa mezani kama gunia.

Jumatano, wenzangu walipoondoka,
nilipandisha pikapu yangu kwenye mizani.
Tekla alikaa kwenye kiti changu, akasoma:
elfu mbili, mia tatu na arobaini.
Nikashuka. Nikasimama kando, upepo ukinipiga masikio.
Elfu mbili, mia mbili na hamsini.

Maana huwezi kuujua mzigo
mpaka umelipima gari tupu,
na sijawahi kuwa tupu hata siku moja:
kwanza nilikuwa mtoto wa baba,
kisha mtu wa mizani.

"Kilo tisini," alisema Tekla,
akapitisha risiti dirishani, mkono tu,
kucha za kijani.
Pale panapoulizwa aina ya nafaka
ameandika: bado haijulikani.

Nimeibandika chini ya bata, juu ya fomu.
Marlys amefungua friji, amesoma,
amechukua maziwa.
Ameinyoosha.

Kesho ni Alhamisi.