Daraja la Tatu

Mchana mimi ni mpima mbao.
Kiwandani, nje ya Tampere, ukanda unanguruma,
ubao unapita, nina sekunde mbili:
fundo, ufa, ukingo wenye gome.
Natia chaki. La kwanza. La pili. La tatu.
Ubao haukati rufaa.

Jioni nashuka ngazi kumi na moja
hadi dukani kwa Osmo, chini ya kiwanda cha pamba kilichofungwa,
napangusa theluji kwenye nyusi,
nao wananingoja na karata zilizotoka juzi:
“Tuulikki, hii vipi? Inachezeka?”

Inachezeka. Neno moja, kesi ndefu.
Picha siitazami, picha ni chambo.
Naanzia kona ya juu, penye gharama,
kama anayeuliza bei kabla hajashika kitambaa.
Makaa mawili, haya, tuzungumze.
Makaa manne, niambie utakuwa unafanya nini
mimi nikiwa nimeshakukaba koo.

Maana kwenye ligi ya Mbio mchezo hufa zamu ya tatu,
na karata ya makaa manne ni mgeni
anayeleta rambirambi matanga yameshaanuliwa.
Kwenye Kale ndiyo usiseme:
miaka ishirini ya sumu imerundikana pale,
joka la dhahabu huuawa kwa kaa moja
na muuaji hata hainui macho.
Labda Baraza, ligi ya wenye subira,
watu huagiza kahawa ya pili kabla damu haijamwagika.
Labda.

Nauliza tena: ukiwa nyuma, itakuinua
au itakaa kukutazama ukizama?
(Ukiwa mbele usiniambie kitu.
Ukiwa mbele hata kijiko kinashinda.)
Na nani atoke ili yeye aingie?
Nafasi ni sitini. Hakuna kigoda cha ziada.

Alhamisi moja Eevert, miaka kumi na mitano,
vyuma menoni, koti la kaka yake,
akaniletea Mlezi wa Kivuko.
Makaa manne. Nguvu moja. Mzee na kamba.
Nikasoma maandishi kwa mwendo wa ukanda:
akiingia mezani, rudisha karata mkononi.
“Daraja la tatu,” nikasema. “Weka alama kitabuni usipotee ukurasa.”
Watu wakacheka. Osmo akawatupa Walezi wote
kwenye sanduku la mlangoni, kumi kwa yuro moja.

Kijana akainama pale kitambo kirefu.
Nilidhani anafunga kamba za viatu.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, Baraza, meza ya mwisho.
Nimeweka Nyangumi wa Chuma, makaa saba,
zamu nzima-nzima nimejinyima kwa ajili yake.
Eevert akalaza Mlezi.
“Nyangumi arudi.”
“Huwezi. Ni karata yako tu.”
“Soma tena,” akasema, bila kiburi, na hilo ndilo lililouma,
akaweka ukucha uliotafunwa chini ya neno:

rudisha karata yoyote mkononi mwa mwenyewe.

Yoyote.
Mimi nilisoma yako.
Hakuna aliyeiandika yako. Niliileta mwenyewe
kutoka kazini, pamoja na vumbi la msonobari.

Nyangumi alirudi mkononi mwangu mara tatu.
Nilikuwa kama mtu anayepandisha sanduku lilelile
ngazi kumi na moja, na juu kuna mtoto mpole
anayelisukuma chini kwa kidole.
Nikampa mkono. Ulikuwa na jasho kuliko wangu.

Sasa Mlezi ni yuro tisa, na Osmo haniangalii usoni.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, giza bado,
ubao ukaja na fundo jeusi katikati.
Chaki ikapanda.
Nikasimamisha mkono, nikaugeuza.
Msimamizi akapiga kelele, ukanda ukajaa nyuma yangu.

Upande wa pili: fundo lilelile, limetokeza.
Daraja la tatu.
Lakini niliugeuza.