Runinga ya Zahanati, Luanda

Imefungwa kwa waya juu ya mlango wa maabara.
Sauti ilikatika tangu mvua za Aprili,
kwa hiyo Kageha mfagiaji ndiye anayewasemea Wazungu:
daktari wa kijijini, suti imembana,
uso wa mtu aliyelambishwa shubiri,
anateremka njia ya mawe bila kusalimu mtu.
"Huyu," asema Kageha, "anadai pesa ya kuku."
Mwanamke wa koti jekundu analia.
"Naye anajibu: kuku alishakufa."

Tunacheka. Hata Vugutsa, shavu limeumuka kama andazi,
anacheka, halafu anajuta.

Mlango unafunguka. Daktari wetu Lihanda
naye si wa salamu. Anatazama saa, anatutazama.
"Nani anafuata? Au mmekuja sinema?"
Kageha anaudaka ufagio.

Lakini Lihanda haondoki. Ameinua macho:
kule juu mwenzake kasimama peke yake kizingitini,
bahasha mkononi, bahari nyuma yake.
"Sasa anasema nini?"

Kageha anameza mate.
"Huyo, daktari... hapo hajasema kitu."

"Mm."
Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti,
muda mrefu kuliko uchafu wake.
"Haya. Mwenye jino."