Mpakani

Sista Asekenye alinifunga mkanda mkononi,
akapuliza, akapuliza, vidole vikafa ganzi,
kisha akaachia pumzi kidogo kidogo
kama mtu anayefungua mfuko wa mwenzake.
Mia thelathini na nane, akasema. Chini, themanini na nane.
Mapigo tisini na manne, na umekaa tu.

Nikacheka: na jana ilikuwa inaenda ngapi?
Miaka kumi na tisa nabadilisha pesa hapa Busia.
Nambari mbili zikikaa pamoja najua
moja ni ya kununua, moja ya kuuza,
na ugali wangu umo katikati.
Hakucheka.
Wewe si mgonjwa, Mama Wandera, wala si mzima.
Uko mpakani.

Mpakani! Kwani nimezaliwa wapi mimi?
Kitovu changu kimezikwa Butula,
shangazi zangu wote wamezikwa Tororo.

Akageuza kadi yangu, akachora barabara.
Mishipa yako bado laini, njia ni pana,
ni moyo unaoharakisha malori.
Damu inafika kabla haijaitwa.
Ukiuacha hivyo, siku moja njia yenyewe itajikaza,
na ikishajikaza
hata lori moja litakwaruza kingo zote mbili.

Nikayaona malori yangu.
Yale ya nje, madereva hulala chini ya trela.
Yangu hayalali.
Karo ya Wandera, muhula wa pili.
Noti bandia ya Jumanne, elfu hamsini ya Uganda,
niliyoipokea kwa mkono huu huu wenye mkanda.
Bwire, aliyekwenda Jinja wiki mbili,
huu ni mwaka wa nne.
Na chumvi. Ndiyo, hata chumvi,
naimwaga kwenye omena kabla sijaonja.

Dawa hakunipa. Alinipa miezi mitatu
na daftari la shule, kurasa thelathini na mbili.

Usiku nalalia sikio la kushoto.
Linagonga ndani ya mto,
karani anayepiga mihuri bila kufungua pasipoti.
Naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono.
Nilishataka kuvilowesha kwanza kwa mate,
mazoea.
Themanini na tisa. Naanza upya.
Themanini na sita.

Huko nje, kwenye foleni,
mtu mmoja amezima injini.