Namba 417, Kabla ya Kukonda

Mwezi wa tisa. Kondoo wameteremshwa kutoka milimani,
ukungu ungali kwenye manyoya yao.
Ketill amembana mwanakondoo kati ya magoti,
jike, miezi minne, namba 417 sikioni,
nami natafuta mshipa wa shingo kwa kidole gumba.
Hatuzungumzi. Upepo wa Aisilandi
hausubiri mtu amalize sentensi.

Mama yake tulimfukia mwezi wa sita.
Alikuwa akila. Hilo ndilo lililomuuma Ketill:
alikula hadi siku ya mwisho, horini hakubakiza kitu,
na nyonga zikazidi kuchomoza
kama vigingi chini ya turubai.

Kijidudu kiliingia pamoja na dang'a,
kwenye chuchu iliyopakaa samadi.
Utumbo una malango, na malango yana wapokezi
wasiouliza jina.
Wakakikabidhi kwa mlinzi.
Mlinzi akakimeza, maana kazi yake ni kumeza,
nacho, humo ndani ya mlinzi, kikatandika kikalala.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu hakuja na dawa.

Mimi natafuta kelele.
Kabla ya mbavu kuhesabika,
kabla kinyesi hakijatoa siri,
kuna majuma ambayo chembe nyeupe hupiga mbiu.
Kingamwili huchelewa; huja kama majirani baada ya moto,
ndoo zimejaa pomoni.
Kwa hiyo usiku kucha naiatamia damu kwa joto la mwili
pamoja na vipande vya adui aliyekufa,
nione kama inamkumbuka.

Asubuhi kishimo cha 417 ni manjano,
manjano ya kiini cha yai.
Vya wenzake ni maji tu.

Nampigia Ketill simu.
"Anapigana," anauliza, "au anashindwa?"
Miaka kumi na moja maabara, na swali hilo
bado nalala nalo.
Wapo wanaopiga kelele hivi, wakapona,
utumbo ukabaki na kovu dogo.
Wapo ambao mbiu hufifia, ukaja ukimya,
na baada ya ukimya, nyonga.
"Mtenge," namwambia. "Nitarudi theluji ikianza."

Anakohoa. Kisha: "Ameruka ukuta wa mawe,
sasa hivi, nikimtazama."

Naandika daftarini: manjano.
Na pembeni, kwa penseli, mahali pasipo na safu:
anaruka.